Mikataba Kabla ya Kanda: Kwa Nini Filamu Pendwa za Zamani Hazifiki Nyumbani

Filamu ya zamani ambayo watazamaji bado wanaipenda, lakini ambayo haiuzwi wala haiazimwi kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, huwa katika mojawapo ya hali mbili zilizo tofauti kabisa: ama imepotea, yaani hakuna nakala yake inayojulikana kubaki popote duniani, ama ipo salama katika ghala la mwenye mali au la taasisi ya hifadhi, ila haitolewi. Kwa mtu aliyekaa mbele ya runinga matokeo ni yale yale, na ndiyo maana hali hizo mbili huchanganywa mara kwa mara. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini sehemu kubwa ya urithi wa sinema haifikiki, na hasa anayetaka jambo hilo lirekebishwe, hana budi kuzitenganisha, kwa kuwa ya kwanza inahusu kemia na moto, na ya pili inahusu mikataba, fedha na uamuzi wa watu walio hai. Nyingi kati ya filamu pendwa zisizopatikana ziko katika hali ya pili, na mapenzi ya watazamaji, hata yawe makubwa kiasi gani, hayajawahi kuitoa filamu ghalani pasipo kukutana kwa vitu viwili: ukanda ulio mzima, na mtu au taasisi iliyo tayari kufuatilia karatasi za umiliki hadi mwisho wake.

Upotevu wa kweli una historia iliyo wazi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu za kumbi za sinema zilipigwa kwenye ukanda wa naitreti, yaani selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, ambao ulitoa picha ang'avu lakini ulishika moto upesi na kuoza wenyewe ulipotunzwa vibaya. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea, na pamoja nalo ziliangamia hasi nyingi za filamu bubu, hasi ikiwa ni ule ukanda uliopita ndani ya kamera, ambao nakala nyingine zote huchapwa kutokana nao. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa na studio za nchi hiyo, ni takribani asilimia 14 tu zilizosalia zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Hapa matumaini pekee ni nakala iliyosahauliwa mbali na nyumbani, kama ilivyotokea mwaka 2008, sehemu zilizokosekana za Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, zilipogunduliwa katika jumba la makumbusho la filamu mjini Buenos Aires.

Filamu zenye sauti, na hasa zile zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ziko katika mazingira mengine. Nyingi zina hasi zake, zimeorodheshwa, na wamiliki wake wanajulikana. Kinachozizuia ni kwamba mikataba iliyozizaa iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa kawaida angeweza kuimiliki filamu na kuiweka kwenye rafu ya sebule yake. Mashine ya Betamax iliingia sokoni mwaka 1975 na ile ya VHS mwaka 1976. Kabla ya hapo filamu ilipata fedha kwenye kumbi, na baadaye kwenye televisheni, na mwanasheria aliyeandika mkataba mwaka 1950 au 1965 alitaja njia hizo mbili akaona amemaliza kazi. Kanda za video zilipokuwa biashara kubwa katika miaka ya 1980, liliibuka swali ambalo karatasi hizo hazikuwa na jibu lake: je, ruhusa ya kuonyesha inajumuisha ruhusa ya kuuza nakala?

Muziki ndio uliolifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Filamu inayotumia wimbo uliokwisha kutungwa huhitaji kwa kawaida ruhusa mbili, moja kutoka kwa mwenye haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na nyingine kutoka kwa mwenye haki ya ile sauti iliyorekodiwa, ambaye mara nyingi ni kampuni ya santuri. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi iliyohusu Medium Cool, filamu ya Haskell Wexler ya mwaka 1969 inayokumbukwa kwa picha zake za ghasia za Chicago, na ikasema kwamba ruhusa ya kutumia wimbo mmoja katika filamu hiyo kwenye kumbi na kwenye televisheni haikuipa kampuni ya Paramount haki ya kuuza kanda za video zenye wimbo huo. Mwaka huohuo mwimbaji Peggy Lee aliishtaki Disney kwa sababu ya Lady and the Tramp ya mwaka 1955, ambayo alishiriki kuitungia nyimbo na kuiazima sauti yake; mkataba wake wa mwaka 1952 ulimhifadhia haki juu ya nakala zitakazouzwa kwa umma, kifungu ambacho huenda kiliandikwa kwa kufikiria santuri, naye akaishia kutunukiwa zaidi ya dola milioni mbili. Lakini mwaka 1998 mahakama nyingine ya rufaa, ikishughulikia ruhusa ya mwaka 1939 ya kutumia muziki wa Stravinsky katika Fantasia, iliona kwamba maneno ya ruhusa ile yalikuwa mapana kiasi cha kuweza kubeba hata kanda za video.

Maana ya hukumu hizo kwa mtazamaji ni nzito kuliko inavyoonekana. Si kwamba mahakama zilikataza video. Ni kwamba zilifanya kila mkataba wa zamani uhitaji kusomwa upya, neno kwa neno, na mtu anayelipwa kwa saa. Filamu inayotarajiwa kuuza mamilioni ya nakala huweza kuibeba gharama hiyo, na ndiyo maana Fantasia na Lady and the Tramp zimejaa madukani. Filamu ndogo, inayopendwa na watu elfu chache wenye kumbukumbu nzuri, haiwezi, na mmiliki wake huona ni salama zaidi kuiacha ghalani kuliko kuitoa akashtakiwa.

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko Killer of Sheep ya Charles Burnett. Burnett aliipiga katika miaka ya 1970 katika mtaa wa Watts, Los Angeles, kama kazi yake ya shahada katika Chuo Kikuu cha UCLA, kwa bajeti isiyofika dola 10,000, akiwatumia majirani kama waigizaji na kuitandika filamu yake kwa historia nzima ya muziki wa Wamarekani weusi, kuanzia Paul Robeson na Dinah Washington hadi Earth, Wind & Fire. Kwa kuwa ilikuwa kazi ya mwanafunzi isiyokusudiwa soko, haki za nyimbo hazikununuliwa. Mwaka 1990 filamu hiyo iliingizwa katika rejista ya taifa ya filamu nchini Marekani, heshima inayotolewa kwa kazi chache zinazohesabiwa kuwa hazina ya nchi, na bado mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuiona isipokuwa ajaliwe kuhudhuria onyesho la chuo au la tamasha lililotumia nakala chakavu ya milimita 16. Hifadhi ya filamu ya UCLA iliirekebisha, kampuni ndogo ya usambazaji iitwayo Milestone ikafuatilia haki za nyimbo kwa miaka kadhaa, na gharama ya nyimbo pekee ikafika takribani dola 150,000, yaani zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya kuitengeneza filamu yenyewe. Ilipotoka hatimaye mwaka 2007, wimbo wa mwisho ulikuwa umebadilishwa kwa sababu ruhusa yake haikupatikana. Ule wa awali ulirudishwa katika toleo jipya la mwaka 2025. Ni vigumu kuisoma historia hiyo bila uchungu, kwa sababu kilichoifungia filamu miaka thelathini ni kitu kilekile kinachoifanya ipendwe.

Mbali na muziki kuna warithi wa waandishi. Filamu iliyotokana na hadithi au tamthilia husimama juu ya kazi ya mtu mwingine, na ruhusa ya kuitumia kazi hiyo huweza kwisha ilhali filamu bado ipo. Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, ilitokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyochapishwa mwaka 1942. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo hakimiliki ilidumu miaka 28, kisha ikahitaji kuhuishwa kwa muda mwingine. Woolrich aliahidi kuwapa wamiliki wa filamu haki ya kipindi cha pili, lakini alifariki mwaka 1968 kabla ya kuhuisha, na haki hiyo ikanunuliwa na mtu aliyeitwa Sheldon Abend kwa dola 650 pamoja na sehemu ya mapato. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa Abend ushindi. Filamu hiyohiyo ilikuwa tayari imepitia kifungo kingine, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa filamu tano za Hitchcock, Vertigo ikiwemo, ambazo haki zake zilimrudia mwongozaji mwenyewe naye akaziondoa kwenye maonyesho, hata zikaanza kuonekana tena kwenye kumbi mwaka 1983 tu, miaka mitatu baada ya kifo chake. Kizazi kizima cha wanafunzi wa sinema kilisoma kuhusu Vertigo kabla ya kuiona.

Filamu za Hitchcock zilitoka kwa sababu kulikuwa na fedha nyingi za kugawana. Porgy and Bess ya mwaka 1959 haijapata bahati hiyo. Mtayarishaji Samuel Goldwyn alikodi opera ya George Gershwin kwa muda maalumu wa miaka, akamkabidhi Otto Preminger uongozaji, akawaweka pamoja Sidney Poitier, Dorothy Dandridge, Sammy Davis Jr. na Pearl Bailey, mkusanyiko wa waigizaji weusi ambao Hollywood ya wakati huo haikuwa na mazoea ya kuupa skrini pana ya milimita 70. Filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa muziki wake, ikaonyeshwa katika televisheni ya taifa mwaka 1967, kisha muda wa ukodishaji ukaisha. Kuanzia hapo kila onyesho limehitaji ridhaa ya warithi wa Gershwin na wa waandishi wenzake, ambao hawakuipenda namna opera yao ilivyopunguzwa kuwa mchezo wa mazungumzo yenye nyimbo, nao hawakuruhusu itolewe kwa kanda wala kwa diski. Wapo waliosema kwamba hasara si kubwa, kwa kuwa Poitier mwenyewe aliingia katika kazi hiyo kwa shingo upande na picha ya watu weusi iliyomo ina kasoro zake. Hoja hiyo haitoshi. Dandridge alifariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 42, na majukumu makubwa aliyopewa katika maisha yake yanahesabika kwa vidole. Kulifungia mojawapo ni kumpunguzia msanii huyo sehemu ya kumbukumbu yake kwa kosa ambalo si lake. Rejista ya taifa iliipokea filamu hiyo mwaka 2011, nayo imebaki kuwa urithi wa taifa usiouzwa dukani.

Wakati mwingine hakuna ugomvi wowote, ila mmiliki si mtu wa sinema. The Heartbreak Kid, vichekesho vya Elaine May vya mwaka 1972 vilivyowapatia waigizaji wawili uteuzi wa Oscar, ilitengenezwa na kampuni ya Palomar, iliyokuwa chini ya kampuni ya dawa ya Bristol-Myers katika kipindi ambacho mashirika makubwa ya Marekani yalinunua biashara za kila aina. Palomar iliacha kutengeneza filamu, haki zikabaki katika hesabu za kampuni ya dawa, na baada ya diski za toleo la zamani kwisha madukani hazikuchapwa tena. Kwa kampuni inayohesabu mapato yake kwa mabilioni ya dola, kazi ya wakili wa kuandaa mkataba mmoja wa filamu ya miaka hamsini iliyopita huweza kuwa ghali kuliko faida itakayopatikana, na hivyo filamu inakaa kimya bila kuwa na adui yeyote.

Tofauti na hizo zote ni filamu ambayo mmiliki anajulikana, ana uwezo, haki zote ziko mkononi mwake, na ameamua mwenyewe kutoitoa. Song of the South, iliyotolewa na Disney mwaka 1946, ilichanganya waigizaji hai na katuni ili kusimulia ngano za sungura mjanja zilizokusanywa na Joel Chandler Harris kutoka kwa Wamarekani weusi wa Georgia na kuchapishwa katika vitabu kuanzia mwaka 1880. Msomaji wa Afrika Mashariki atazitambua ngano hizo bila kuambiwa, kwa kuwa sungura anayemshinda mwenye nguvu kwa akili ni yuleyule wa hadithi za Kiswahili na za lugha nyingi za Kibantu, na watafiti wengi wanakubaliana kwamba wasimulizi wake walivushwa bahari wakiwa watumwa. Filamu hiyo inaweka ngano hizo katika shamba la kusini ambako uhusiano wa mzee mweusi na mabwana zake unaonyeshwa kuwa wa furaha na utulivu, na chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kililalamika tangu mwaka ilipotoka. James Baskett, aliyeigiza msimulizi, hakuweza hata kuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliokuwa sheria huko, ingawa baadaye alipewa tuzo ya heshima ya Oscar. Filamu ilirudishwa kwenye kumbi za Marekani mara ya mwisho mwaka 1986. Kanda zake ziliuzwa Uingereza na Japani lakini kamwe si Marekani, na mwaka 2020 Bob Iger, wakati huo mwenyekiti mtendaji wa Disney, aliwaambia wanahisa kwamba haitawekwa katika huduma yao ya mtandaoni.

Uamuzi huo una heshima fulani ndani yake, kwa kuwa kampuni inayouza ndoto kwa watoto ina wajibu wa kuchagua inachowapa. Lakini kampuni hiyohiyo ilijenga kivutio cha maji kwa wahusika wa filamu hiyo mwaka 1989 na kukiendesha hadi mwaka 2023, ikichuma kutoka kwa nyimbo na katuni huku ikificha chanzo chake. Matokeo yake ni kwamba aibu imehifadhiwa na ushahidi umeondolewa. Kazi ya Baskett haiwezi kupimwa, malalamiko ya NAACP hayawezi kulinganishwa na kile yalichokilalamikia, na nakala zinazozunguka ni zile zilizorekodiwa kutoka kanda za nchi nyingine, zenye picha hafifu na zisizo na neno la maelezo. Kuitoa filamu ya namna hiyo kupitia taasisi ya hifadhi au chuo kikuu, ikiwa na utangulizi wa wanahistoria, kungewalinda watoto vizuri kuliko kuificha, kwa sababu kilichofichwa hutazamwa bila mwalimu.

Kuna pia filamu zinazochelewa kwa sababu ya kazi ya kiufundi, na mojawapo inahusu moja kwa moja maziwa na mito ya Afrika ya Kati na Mashariki. The African Queen ya John Huston, iliyopigwa mwaka 1951 katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda, inasimulia safari ya boti kuukuu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikikusudia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Meli halisi iliyofananishwa na hiyo ya kubuniwa ni Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza katika miaka ya 1920 na kupewa jina la Liemba, ambalo wasafiri wa Ziwa Tanganyika wanalijua vizuri. Filamu ilimpa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar, lakini ilikuwa ya mwisho katika orodha ya filamu 100 bora ya American Film Institute kupata diski ya DVD nchini Marekani, Machi 2010. Ilipigwa kwa mfumo wa Technicolor, ambao kamera yake ilinasa picha moja kwenye hasi tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikibeba rangi yake, na kwa kuwa kila ukanda hunywea kwa kiwango chake kadiri miaka inavyopita, kuzirudisha hasi hizo tatu zilingane kulihitaji hasi zenyewe, zilizokuwa Uingereza, pamoja na kompyuta ambazo hazikuwepo miaka ishirini kabla. Kusubiri kwa namna hiyo kunavumilika, kwa sababu mwisho wake ni picha bora.

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu nchi yenye mahakama, rejista na maghala yenye baridi. Kwa sinema ya Afrika tatizo linaanza kabla ya hapo, katika kujua ukanda uko wapi. Filamu nyingi za Kiafrika za miaka ya 1960 na 1970 zilioshwa katika maabara za Ulaya, kwa kuwa nchi nyingi changa hazikuwa na maabara ya rangi, na hasi zikabaki hukohuko zilikooshewa. Hali hiyo iliwaumiza waongozaji waliotaka kazi zao zirudi nyumbani, lakini pia, kwa kejeli ya historia, iliziokoa: La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, ilirekebishwa kutokana na hasi zilizotunzwa Ufaransa, na Soleil Ô ya Med Hondo, ya mwaka 1970, ilirekebishwa mjini Bologna mwaka 2017 chini ya mradi wa urithi wa filamu za Afrika unaoendeshwa na Film Foundation ya Martin Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO, mradi uliolenga filamu 50 kwa kuanzia. Hondo aliweza kuiona filamu yake ikiwa mpya kabla ya kufariki mwaka 2019. Lakini diski yake ilitoka katika sanduku la bei ya dola, katika toleo la soko la Marekani ya Kaskazini, wakati mashine zinazouzwa kihalali Afrika Mashariki zimewekwa katika eneo la 5 la DVD, yaani mfumo unaofanya diski ya eneo moja ikataliwe na mashine ya eneo jingine. Filamu imeokolewa kwa ajili ya dunia, na bara lililoizaa limewekwa mwisho wa foleni.

Tanzania ina sura yake ya jambo hili. Shirika la filamu la serikali, Tanzania Film Company, liliundwa mwaka 1968, likapewa usambazaji wa filamu za nje na jukumu la kutengeneza za ndani, na katikati ya miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Kiswahili iliyobeba ujumbe wa Ujamaa. Miaka ya 1980 ilileta kazi za ushirikiano, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na Mama Tumaini ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mnorwe Sigve Endresen. Filamu ya ushirikiano huwa na mlezi wa pili, kwa sababu mshirika wa nje ana mkataba wake, nakala yake na mara nyingi taasisi ya hifadhi ya nchi yake. Filamu ya shirika la umma lisilofanya kazi tena haina mlezi huyo. Mali ya shirika huhesabiwa kwa majengo, magari na mitambo. Mikebe ya kanda haina bei inayojulikana, na ofisi inapohama huwa ya mwisho kuulizwa.

Pengo hilo ndilo lililojazwa, kwa miongo kadhaa, na kanda zilizonakiliwa bila ruhusa. Vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na miji midogo isiyo na ukumbi wa sinema ndivyo vilivyofanya filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani ziendelee kuonekana baada ya kumbi kufungwa, na watafsiri kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walizipa sauti ya pili, wakizisimulia upya kwa Kiswahili hadi baadhi ya watazamaji wakaipenda tafsiri kuliko asili. Ni haki kusema kwamba wizi huo wa nakala ulihifadhi mapenzi. Haukuhifadhi filamu, kwa kuwa nakala ya nakala hupoteza picha kila hatua, na haukumgusa kabisa mtengenezaji wa nyumbani ambaye filamu yake haikuwahi kutiwa kwenye kanda ya video hata mara moja.

Wapo wanaoamini kwamba huduma za mtandaoni zimelimaliza tatizo, na mfano wanaoutoa ni Let It Be, filamu ya mwaka 1970 kuhusu bendi ya Beatles, iliyotoweka baada ya kanda za mwanzo wa miaka ya 1980 na kurudi kwenye huduma ya Disney mwezi Mei 2024. Lakini huduma hizo hukodi filamu kwa muda, kama Goldwyn alivyokodi opera, na siku mkataba unapokwisha filamu huondoka bila kumwachia mtazamaji chochote. Diski iliyonunuliwa haiwezi kunyang'anywa kwa barua ya wakili.

Kwa Afrika Mashariki, hata hivyo, swali la sheria limeanza kugeuka. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 huzilinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50, muda mfupi ukilinganishwa na miaka 95 ambayo filamu ya kampuni ya Marekani hulindwa nchini mwake. Maana yake ni kwamba kazi za katikati ya miaka ya 1970 zinafikia sasa mahali ambapo, kwa upande wa haki ya filamu yenyewe, maktaba, chuo au kituo cha televisheni kinaweza kuzitoa bila kumwomba mtu, ingawa muziki na maandishi yaliyomo huenda yakahitaji kuangaliwa peke yake. Vizuizi vilivyoifunga Porgy and Bess na The Heartbreak Kid vinapungua hapa kwa kupita kwa miaka tu.

Tatizo ni kwamba ukanda nao una miaka yake. Filamu za kipindi hicho hazikupigwa tena kwenye naitreti bali kwenye asetiti, plastiki isiyolipuka moto lakini inayooza kwa kutoa asidi yenye harufu ya siki, na asidi hiyo, ikishaanza kutoka, huharakisha uozo wa ukanda uleule na wa mikebe jirani. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba ukanda mpya wa asetiti uliowekwa katika joto la nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa siki baada ya takribani miaka 40. Joto na unyevu wa pwani ya Dar es Salaam huzidi viwango hivyo karibu mwaka mzima, kwa hiyo katika chumba kisicho na kiyoyozi muda wa kemia huisha kabla ya muda wa sheria. Ukanda ulioanza kunuka bado huweza kuchanganuliwa na kuwa faili la dijitali ikiwa haujajikunja, na kazi hiyo hufanyika mara moja tu. Lakini haiwezi kuanza bila orodha inayosema mikebe mingapi imebaki, iko katika majengo gani, na ipi kati yake imekwisha kuanza kunuka. Kuiandaa orodha hiyo hakuhitaji hukumu ya mahakama wala mamilioni ya dola, na ndiko kunakopaswa kutangulia.